Bibi Amegoma Kufungua

Mkono ukishazoea jambo hauombi tena ruhusa kwa kichwa. Mkono wa Bushiri ulikuwa umezoea kufunga milango ya gari. Tangu siku ile pale Mbalizi alipogeuka kidogo tu kumsalimia mtu, na alipogeuka tena akakuta mkoba wake wa mauzo umeshuka kwenye kiti ukaenda zake bila kuaga, mkono ulijisomesha wenyewe: bonyeza loki, inua kitasa, bamiza mlango, ondoka. Hata akishuka kuchimba dawa porini, mahali ambapo mwizi wa karibu ni nyani, mlango unafungwa. Dunia ilimpeleka shule kwa bakora, naye akafaulu.

Basi aliposhuka Nyololo kukimbilia soda, mkono ukafanya kazi yake kwa uaminifu. Kichwa kilipata habari baadaye, Bushiri akiwa amekwishasimama kwenye kibanda cha chai, soda kiganjani, na mwenye kibanda, mama mmoja wa Kibena aitwaye Rozalia, anamuuliza kama amfungulie hapo hapo au anakwenda nayo.

"Fungua, dada. Ni ya mgonjwa wangu, yuko kwenye gari."

Akapapasa mfuko wa suruali. Akapapasa wa pili. Akaupapasa tena ule wa kwanza, kama vile funguo zingeona haya na kurudi. Kisha akalitazama gari.

Funguo zilikuwa kwenye swichi. Alikuwa ameziacha makusudi ili redio isizimike, maana Bibi alikuwa anasikiliza mawaidha. Simu ilikuwa kwenye dashibodi, inachajiwa. Pochi yenye leseni ilikuwa kwenye kishubaka cha mlango. Loki zote nne zilikuwa chini, na vioo vyote vilikuwa vimepandishwa hadi juu kwa sababu Bibi alisema upepo wa Mufindi unang'ata masikio kama mke mwenza. Na kwenye kiti cha mbele, mkanda kifuani, mtandio wa kijani kichwani, ameketi Bibi mwenyewe.

Bushiri akacheka. Jamani, angefanya nini? Mwenye kufungua mlango yumo ndani, yu hai, ana mikono miwili. Amwambie tu avute loki.

Bibi Batuli ndiye mama wa baba yake. Yeye ndiye aliyemlea, na tangu Bushiri ajue kusema alimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume. Lakini wapo mabibi wanaotania siku za sikukuu tu, na wapo waliofanya utani kuwa chakula. Huyu alikuwa wa pili. Bushiri akichelewa kuja kumwona, alikuta amekwishatangaziwa talaka kwa majirani wote wa Mbalizi. Bushiri alipooa, Bibi alikaa mlangoni kwa bi harusi amevaa nyeusi, akitaka aelezwe kosa lake. Hapakuwa na siku aliyokosa jibu. Watu walisema Bibi Batuli akifa, malaika Munkari na Nakiri watatoka kaburini wanashika mbavu.

Asubuhi hiyo walikuwa wakienda Iringa kwa Naima, dada yake Bushiri, aliyejifungua. Bibi alitaka amshike kitukuu kwa mikono yake kabla mikono haijachoka. Gari waliazimwa na Anwari, shemeji yake Bushiri, mtu aliyelipenda lile gari kiasi kwamba mkewe aliwahi kuomba naye aoshwe kila Jumamosi. Mambo yalikwenda vizuri. Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilifanyika kabla hawajaondoka: Bibi alichoma sindano yake ya sukari kama kawaida, halafu akala vijiko viwili vya uji, akasukuma bakuli. Alisema tumbo likijaa atatapika njiani, na hawezi kufika kwa kitukuu ananuka.

"Sindano bila chakula, Bibi?"

"Endesha gari, dereva. Hukuitwa kuwa daktari."

Walipoipita Makambako, Bibi alinyoosha vidole akavitazama. "Mume wangu," alisema, "mbona mikono yangu inacheza ngoma ambayo mimi siisikii?"

Bushiri alimtupia jicho. Kipaji cha uso kilikuwa na jasho, na nje kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Aliyakumbuka maneno ya muuguzi wa kliniki ya sukari, aliyewaambia wenye wagonjwa wote kwa sauti ya kugomba: sukari ikipanda inakuja na miguu, lakini ikishuka inakuja na pikipiki. Ukiona jasho, ukiona mtetemeko, mpe kitu kitamu hapo hapo, usingoje kufika. Katika gari hapakuwa na kitu kitamu. Nani anabeba pipi akisafiri na mgonjwa wa sukari? Akakanyaga mafuta mpaka Nyololo.

Sasa amesimama dirishani kwa Bibi, ameinua soda juu, anagonga kioo.

"Bibi! Vuta loki! Hiyo hapo begani kwako! Vuta juu!"

Bibi akamgeukia. Akamtazama, akaitazama soda, akamtazama tena. Halafu, polepole, uso wote ukafunguka kwa tabasamu la mtu aliyekamata mwizi wake. Akamtikisia kidole: ng'o.

Hapo ndipo Bushiri alipokumbuka Chimala.

Chimala walisimama kununua mchele wa kumpelekea Naima. Alipomaliza, Bushiri alijibanza nyuma ya gari, akakishika kitasa cha Bibi na kukitikisa kwa nguvu, kisha akainua kichwa ghafla dirishani amekunja sura. "Loki imeharibika, Bibi! Fundi anasema utaishi humo humo! Tutakuwa tunakupitishia ugali kwenye tundu!" Bibi aliruka mpaka mkanda ukamrudisha kitini. Alimtukana hadi Igawa. Halafu akanyamaza, akasema kwa upole, jambo ambalo kwa Bibi Batuli ni baya kuliko matusi: "Subiri. Nitakulipa."

Basi leo ndiyo siku ya malipo.

"Si utani, Bibi! Wallahi si utani! Funguo zimo ndani!"

Bibi akaweka mkono nyuma ya sikio kuonyesha hasikii, na kwa mkono wa pili akaiongeza redio sauti. Shehe akapaza mawaidha juu ya subira.

Rozalia alikuwa ameacha birika lake amesogea, mikono ameifunga kwenye kitenge. "Kaka, amekununia?"

"Ananitania, dada."

"Na wewe?"

"Mimi sitanii."

"Sasa yeye atajuaje?"

Bushiri akalizunguka gari, akajaribu mlango wa dereva, wa nyuma kulia, wa nyuma kushoto, buti. Akarudi. Aliunganisha viganja kama mtu anayeomba dua, akainamisha kichwa, akajishika moyo. Bibi akapiga makofi. Kila alichofanya kwa uchungu, yeye alikiona ni mchezo uliozidi kunoga. Akapiga magoti kwenye changarawe. Bibi akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na Bushiri, akiwa pale chini, akauona ule mkono unaofuta macho. Ulikuwa haufiki. Ulienda kushoto ya jicho, ukarudi, ukagusa pua, ukaanguka mapajani.

Kicheko kiliendelea kidogo bila mwenyewe, kama feni iliyozimwa. Kisha kikakoma.

"Waya," Bushiri alisema. "Dada, nitafutie waya. Hanga ya nguo, chochote."

Rozalia akakimbia, akarudi na kipande cha waya wa kuanikia nguo. Bushiri akaukunja ncha, akausukuma kwenye raba ya kioo cha mlango wa dereva. Amewaona mafundi wakifanya hivyo, wanaongea huku wanatafuna, na loki inaruka juu kama panzi. Lakini loki za Anwari zilikuwa nyembamba, laini, hazina kichwa cha kunasa. Waya ukateleza. Ukateleza tena.

Upande wa pili wa kioo Bibi alikuwa ameanza kuuvua mtandio. Aliuvuta ukashuka mabegani, nywele zake nyeupe zikabaki wazi. Bibi Batuli, ambaye hata akifagia uani alijifunika kichwa, ambaye alikuwa akimwambia fundi wa bomba ageuke ukutani ajitande kwanza. Aliukunja, akaukunjua, akautazama kama kitu alichookota.

Bushiri akautupa waya. Akaokota jiwe.

Alikuwa ameuinua mkono ndipo mtu akaudaka kwa nyuma.

"We! We! Unafanya nini?"

Alikuwa kijana wa bodaboda, kifua kipana, koti la mvua limefungwa mpaka shingoni. Wenzake wawili walikuwa wanashuka kwenye pikipiki. Malori ya Zambia yalikuwa yamepanga foleni ng'ambo ya barabara, na matingo nao wakaanza kuvuka, maana hakuna sinema inayoshinda mtu aliyeshika jiwe kando ya gari la watu.

"Niachie, kaka! Mgonjwa yumo ndani!"

"Dastan, mwachie," Rozalia akasema. "Kaka wa watu ana shida."

"Mama Rozi, wewe unamjua?"

"Nimemuuzia soda."

"Umemuuzia soda," Dastan akarudia, akawageukia wenzake. Juzi tu gari lilikuwa limeibwa pale pale kituo cha mafuta, mwenyewe ameingia kulipa, na wao wa bodaboda ndio walioitwa kuhojiwa, wakashinda juani kutwa nzima. Walikuwa na hasira iliyokosa wa kuishukia. "Haya, mzee. Gari ni lako?"

"La shemeji yangu."

"Kadi ya gari?"

"Iko ndani."

"Leseni?"

"Ndani."

"Mpigie huyo shemeji."

"Simu iko ndani."

"Kila kitu chako kiko ndani, isipokuwa jiwe." Watu wakacheka. "Na huyo bibi, ni nani wako?"

"Bibi yangu! Mzaa baba! Muulizeni mwenyewe!"

Alilisema hilo kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekumbuka kuwa ana wakili. Dastan akainama dirishani, akagonga kwa adabu.

"Shikamoo, bibi! Kamwene! Huyu mtu unamjua?"

Bibi Batuli akageuza shingo. Macho yakampita Dastan, yakaelea, yakatua kwa Bushiri. Yakakaa hapo. Watu wote wakanyamaza. Hata yule shehe wa redio alikuwa amefika mahali pa kupumua.

Akatikisa kichwa. Midomo ikasema kitu, na kwa kuwa kila mtu alikuwa kimya, kikapenya kioo.

"Simjui huyu."

Na Bushiri akacheka. Msimlaumu. Miaka yote ya maisha yake, Bibi akisema simjui huyu, jibu lilikuwa kucheka. Alimkana hospitalini, alimkana benki, alimkana mbele ya kadhi siku ya ndoa. "Ananitania!" alisema, anacheka, jiwe bado mkononi. "Anapenda sana kunitania!"

Lakini kicheko hicho, kwa masikio ya Nyololo, kilisikika kwa namna nyingine. Mtu akamshika ukosi. Mwingine akampokonya jiwe. Sauti nyuma ikasema, "Wanaiba mpaka na wazee siku hizi," na sauti nyingine ikajibu, "Si unajua wanawapeleka wapi." Bushiri akasukumwa mgongo ukagonga gari, na ubavu wake ukapata ngumi ambayo hakuona imetoka wapi.

Maumivu aliyazoea. Kilichomkata pumzi kilikuwa ni hesabu iliyokuwa ikipita kichwani. Kama anatania, basi yu mzima, nami nitapigwa kidogo, tutacheka Iringa. Kama hatanii, basi hanijui. Na kama hanijui, ile pikipiki ya muuguzi imeshafika.

Angejuaje? Mwanamke aliyeishi kwa kutania, siku ya kufa kwake angeaga kwa sura gani tofauti?

"Nipeni nafasi niseme naye," aliomba. "Neno moja. Mkinipiga, mtanipiga baadaye, siendi popote, funguo si zimo ndani?"

Labda ni hilo la mwisho lililowafanya walegeze. Dastan akamshika mkanda wa suruali asikimbie, akamwacha ageukie kioo. Bushiri akabandika uso pale karibu kabisa, mvuke wa pumzi ukatanda, akaufuta kwa kiwiko. Akapaza sauti.

"We bi kizee! Nimekuacha! Umesikia? Nimekuacha talaka tatu, huna eda, huna masurufu! Nimepata mke hapa hapa Nyololo! Anaitwa Rozalia, mweupe, mnene, anajua kupika chai, hakoromi kama trekta la kijiji! Wewe nitakurudisha kwenu Kilwa kwa lori la nyanya! Na kiti hicho ushuke, mwenyewe anataka kukaa!"

Watu wakapigwa na butwaa. Mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Rozalia, aliyeolewa bila kuulizwa, alisimama mdomo wazi.

Bushiri hakumtazama mtu. Alikuwa anamtazama Bibi. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Nitukane. Niambie nina sura ya kiatu cha mtumba. Niambie hata huyo Rozalia atanirudisha kabla chai haijapoa. Inua hata kidole kimoja.

Bibi Batuli alikuwa anatazama tone la maji lililokuwa likitambaa kwenye kioo, kwa ndani. Alilitazama likishuka mpaka chini. Kinywa kilikuwa wazi kidogo, na ulimi ulikuwa unalamba mdomo wa juu, unalamba, unalamba.

"Hanitanii," Bushiri akasema. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Jamani. Hanitanii. Hanijui kweli."

"Mwachieni," Rozalia akasema.

"Mama Rozi..."

"Dastan, nimesema mwachie! Wewe huna bibi? Mwizi angembembeleza huyu mama. Angemwita mama mzazi, angemlilia. Nani anaweza kumtukana mzee wa watu hadharani namna hii kama si mjukuu wake?"

Lilikuwa jambo ambalo kila aliyesimama pale alilijua tangu utotoni, ila hakuna aliyefikiri kulitumia. Dastan akautazama mkono wake ulioshika mkanda wa suruali ya mtu, akauachia kama umemchoma. Hakuomba radhi. Alikimbia kwenye lori la kwanza, akarudi na spana ya magurudumu.

"Usipige upande wake," alisema, anahema. "Nyuma, kulia. Vioo vitamrukia."

Bushiri alipiga. Kioo kikamrudishia spana, na mkono wote ukafa ganzi. Anwari hujisifu kuwa gari lake ni imara, na kumbe alisema kweli. Akapiga tena, pembeni chini, na sasa kikageuka cheupe chote, kikabaki kimesimama kama barafu, halafu kikamwagika. Akaingiza mkono bila kusafisha kingo. Akasikia kitu kikimchana kuanzia kifundo kwenda juu, akakiacha kichane. Loki ikapanda. Akatambaa ndani juu ya gunia la mchele, akajinyoosha kati ya viti, akavuta loki ya mbele, na Rozalia akaufungua mlango.

Bibi akawaangukia. Mkanda tu ndio uliomzuia asitoke nje kwa kichwa.

"Bibi. Bibi, kunywa."

Soda ikamwagika kidevuni. Koo halikumeza. Bushiri akamsikia muuguzi tena, akigomba: asiyemeza usimmiminie kitu, utamzamisha. Mpake.

"Sukari!" akapiga kelele. "Dada, sukari ya chai!"

Rozalia alikuja na kopo zima. Bushiri akachovya kidole kwenye soda, akakichovya kwenye sukari, akakipitisha ndani ya shavu la Bibi, kwenye fizi, chini ya mdomo. Akachovya tena. Meno yakafunga ghafla juu ya kidole, yakauma hasa, uchungu ukampanda hadi begani.

"Anauma!" Dastan akasema kwa hofu.

"Mwache aume," Bushiri akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua ni ya kidole au ya nini. "Uma, Bibi. Uma tu."

Akabadili kidole. Mtu fulani alikuwa amezima redio. Rozalia alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, amemshika Bibi kichwa kisilale nyuma, midomo yake inasema Salamu Maria, na Bushiri anapaka sukari huku anasoma Ayatul Kursiyu, akifika katikati anapotea, anaanza upya. Jambo alilolijua tangu chuoni leo lilikuwa linamkimbia. Sukari ilichanganyika na damu iliyokuwa ikichuruzika kutoka mkononi mwake, naye akawa anapangusa, anachovya, anapaka. Matingo walikuwa wamevua kofia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, zile kofia mikononi.

"Mzee Dadi," Bibi akasema.

Dadi lilikuwa jina la marehemu mumewe.

"Naam," Bushiri akajibu, maana hakuthubutu kusema mimi siye.

"Mbuzi wameingia kwenye mihogo."

"Nimewatoa. Meza, mama. Meza kidogo."

Akameza. Koo lilipanda na kushuka, na watu wote waliokuwa pale wakameza naye. Bushiri akaileta chupa mdomoni, tone, tone tena, kisha funda. Bibi akaishika chupa mwenyewe. Akaiachia. Akaishika tena. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayerudi nyumbani gizani, anapapasa ukuta, anakosea mlango, anarudi, anapapasa tena. Alimwita Bushiri kwa jina la baba yake. Alimwita kwa jina la mbuzi. Akafumba macho, akayafumbua.

Halafu mkono wake ukapanda kichwani. Ukagusa nywele. Macho yakapanuka, yakaona watu, yakaona pikipiki, yakaona wanaume wazima waliovua kofia wakimkodolea.

"Mtandio wangu," Bibi Batuli akasema kwa ukali. "Nani kanivua kichwa mbele ya watu?"

Bushiri akauokota pale miguuni, akaukung'uta vioo, akamfunika. Aliuweka vibaya, ukamziba jicho moja. Bibi akajirekebisha. Wale matingo wakageuka kutazama barabara, wote kwa pamoja, kama walioamrishwa.

Dastan ndiye aliyesema waende Mafinga hospitali, asiachwe hivyo hivyo, inaweza kushuka tena. Akamfunga Bushiri mkono kwa leso yake, akaikaza mno, bila kumtazama usoni. Akasema atatangulia na pikipiki kufungua njia. Rozalia akakabidhi kibanda kwa jirani, akapanda nyuma kati ya mchele na vipande vya kioo, ameshika birika lake la chai ya sukari tupu. Bushiri akaketi kwenye usukani. Akazikuta funguo pale pale zilipokuwa, zinang'aa, hazina habari.

Gari likaingia barabarani. Upepo wa baridi ulipita kwenye lile pengo la nyuma na kupiga kelele masikioni. Bushiri aliendesha macho mbele. Maneno yalimjaa kinywani, yale ya kila siku, ya kiti na ya talaka na ya trekta, na kila alipotaka kulitoa moja aliona lile tone likishuka kwenye kioo, na Bibi akilitazama. Akilitupa neno na lisirudi, atafanya nini? Akayameza yote.

Wakapita shamba la viazi, wakapita lori lililokufa, Bibi akinywa chai kidogo kidogo kwenye kikombe alichoshikiwa na Rozalia.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Naendesha, Bibi."

"Tangu Mbalizi ulikuwa unaendesha, na mdomo haukufunga hata kupumzika." Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa na mwenyewe. Akakiegemeza kisogo kwenye kiti. Kope zilikuwa nzito. "Sema sema. Sema chochote. Nikinyamaziwa nitalala, na sitaki kulala."

Bushiri akakamata usukani kwa mkono ule mzima. Kushoto misonobari ilikuwa inapita, mirefu, imepangwa mistari, ukungu umekaa katikati yake.

"Unaiona hiyo miti?" alianza. Akakohoa. "Hiyo miti, Bibi, waliipanda mistari hivyo kwa sababu Wahehe wakiingia msituni bila mistari hawatoki."

"Mwongo," Bibi akasema, amefumba macho.

"Haya. Kwa sababu gani basi?"

Akangoja. Nyuma, Rozalia akaacha kutikisa kikombe. Mbele yao pikipiki ya Dastan ilikuwa inapiga honi kwenye mteremko, na Bushiri akakanyaga mafuta huku sikio lake lote liko kushoto.

"Nafikiria," Bibi akasema. "Usinikimbize."